Nimeacha kwenda kanisani. Je, nimemwacha Kristo?

Swali: Nimekuwa mhazini wa kanisa letu kwa miaka 9. Mwaka jana niliuliza mbele ya baraza fedha za ujenzi zilikwenda wapi. Wiki mbili baadaye nikavuliwa huduma zote, na mchungaji akasema madhabahuni kwamba kuna watu wana roho ya uasi. Sijarudi tena, na sasa ni miezi 11. Kila Alhamisi jioni tunakutana nyumbani kwangu, mimi na marafiki wawili, tunasoma Injili ya Luka na kuomba. Nina amani kuliko nilivyokuwa. Lakini mama yangu analia, anasema nimerudi nyuma, na kila akinipigia simu ananisomea Waebrania 10:25. Je, mimi bado ni sehemu ya Kanisa? Tunachofanya sebuleni ni kanisa? Tunaweza kumega mkate wenyewe? Na nifanye nini na vitabu vya stakabadhi ambavyo bado viko kwangu?

Jibu:

Dada yangu mpendwa,

Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Ndiyo, ungali sehemu ya Kanisa. Ulibatizwa katika Kristo, hukubatizwa katika orodha ya washiriki. Hata Kanisa Katoliki, lenye sheria zilizoandikwa kwa kirefu juu ya kumtenga mtu, halimbatizi upya aliyetengwa anaporudi. Linampokea, kwa sababu linaamini alama ile haikumtoka siku hata moja. Mchungaji anaweza kukuvua uhazini. Ubatizo hakuuweka yeye, na kuuondoa hawezi.

Swali lako la pili, kama mnachofanya sebuleni ni kanisa, ni gumu zaidi. Nadhani kinaweza kuwa kanisa, na nadhani bado hakijawa. Nivumilie nikueleze kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe. Kanisa limetufikia kupitia Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kutoka Kiaramu, lugha aliyozungumza Yesu, kwenye mzizi wenye maana ya kukusanya. Bunge la Israeli la leo, Knesset, linaitwa kwa mzizi huo huo. Kigiriki cha Agano Jipya kinatumia ekklesia, neno ambalo kabla ya Wakristo lilikuwa la siasa: mkutano wa raia walioitwa kuamua mambo ya mji. Katika Matendo 19, wafua fedha wa Efeso walipozusha ghasia, ule umati unaopiga kelele unaitwa ekklesia, ingawa wafasiri wetu kwa busara hawakuandika kanisa pale. Kwa hiyo ukilifuata neno hadi chimbuko lake hukuti jengo, hukuti cheti cha usajili, hukuti mhuri. Unakuta watu waliokusanyika. Hilo linakutetea mbele ya mama yako. Linakudai pia, kwa sababu neno linaloliweka jengo kando halimwachi Mkristo abaki peke yake.

Kwa vizazi vingi vya mwanzo nyumba za watu ndizo zilizokuwa mahali pa kukutania. Paulo anawasalimu Prisila na Akila pamoja na kanisa lililo nyumbani mwao, anamsalimu Nimfa vivyo hivyo, na Filemoni. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua mji wa Dura-Europos kando ya Mto Frati, katika Syria ya leo, mapema miaka ya 1930, walikuta nyumba ya kawaida ambayo Wakristo waliigeuza kabla ya mji kuangamia mwaka 256. Ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa umevunjwa ili watu wapate kukaa pamoja. Katika chumba kingine kidogo palijengwa birika la ubatizo, na ukutani juu yake akachorwa mchungaji aliyembeba kondoo mabegani. Majengo makubwa yalikuja kwa wingi baada ya mwaka 313, Konstantino na Lisinio, watawala wa dola ya Roma, walipokubaliana kwamba Wakristo wasisumbuliwe tena. Mwaka 380 imani hiyo ikawa dini rasmi ya dola ya Roma. Akikuambia mtu kwamba sebule haiwezi kuwa kanisa, mjibu kwa upole kwamba kanisa lilizaliwa na kukulia sebuleni.

Ila nisikuache hapo, maana hapa ndipo wengi wanaotoka makanisani hukomea. Hujengea juu ya ukweli huo hadithi moja tamu: mwanzoni kulikuwa na familia ndogo zenye upendo, bila viongozi wala taratibu, kisha akaja Konstantino akaharibu. Sivyo ilivyokuwa. Askofu Ignasio wa Antiokia, akisafirishwa chini ya ulinzi kwenda kuuawa Roma mwanzoni mwa karne ya 2, aliandika barua njiani akiwasihi waamini wasifanye jambo lolote la kanisa bila askofu. Kama mwaka 155, Justino, mwalimu Mkristo, akiwa Roma anaeleza ibada ya Jumapili: kuna usomaji, kuna anayeongoza, kuna mashemasi wanaowapelekea mkate wasioweza kufika, na kuna mchango unaowekwa kwa anayeongoza ili awatunze yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Haya yote ni zaidi ya miaka 150 kabla ya Konstantino. Tena nyumba zile hazikuishi kila moja kivyake. Zilipelekeana barua, zikachangiana fedha, zikapokea watu waliotumwa kutoka mbali, na zilipokosea zilikemewa na watu wasioishi humo.

Sasa nirudi kwenye lililokupata, maana sitaki ulibebe kama dhambi yako. Soma Waraka wa Tatu wa Yohana. Ni mfupi, hautamaliza ukurasa. Yumo mtu anaitwa Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza. Huyu hakuwapokea ndugu, na waliotaka kuwapokea aliwazuia na kuwatoa katika kanisa. Ona kwamba mzee anayeandika hasemi hata kidogo kwamba waliotolewa wamekuwa si wa Mungu. Anamtaja aliyewatoa, na kuahidi kwamba akija atayakumbusha matendo yake. Halafu nenda Yohana 9, kwa yule aliyezaliwa kipofu. Alisema ukweli mbele ya wakubwa, wakamtoa nje. Yesu akasikia kwamba wametoa mtu nje, akamtafuta. Mazungumzo ambayo kipofu yule alisujudu na kusema "naamini" yalifanyika huko nje.

Na swali lako la fedha halikuwa uasi. Paulo alipokuwa akikusanya msaada wa maskini wa Yerusalemu hakukubali kuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba pamoja na Tito anamtuma ndugu aliyechaguliwa na makanisa, makusudi asitokee mtu wa kuwalaumu juu ya mchango ule, kwa kuwa wanatunza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu alikubali kukaguliwa. Na katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, watu wakanung'unika, na mitume hawakukemea roho yoyote. Waliita mkutano. Wakachaguliwa watu saba, na ukiyasoma majina yao yote ni ya Kiyunani: inaelekea mgawo uliwekwa mikononi mwa upande ule ule uliolalamika. Nimelifundisha fungu hilo mara nyingi na kila mara linanichoma.

Linanichoma kwa sababu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mjumbe wa baraza la kanisa, na kijana mmoja akauliza swali kama lako. Nilijua hesabu hazikukaa sawa. Nilinyamaza. Ikaandikwa barua ya kumsimamisha, nami nikatia sahihi. Miaka kadhaa baadaye nilitoka mimi mwenyewe, nikakaa nje kwa miaka minne, na humo ndimo niliposoma upya historia niliyokuwa nikiifundisha. Kijana yule nilimtafuta nikamwomba radhi. Hilo ni kati yake na mimi. Nimekuambia ili ujue kwamba nitakapokuonya kuhusu hatari za nje, sitakuwa nalinda viti vya mtu.

Tuje kwa Waebrania 10:25. Mama ana haki ya kukusomea, ila mwombe aanze mstari wa 24: "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri, wala tusiache kukusanyika pamoja". Kisha endeleeni hadi mstari wa 34, mwone waraka huu ulikuwa unawaendea watu gani: waliotukanwa hadharani, walionyang'anywa mali zao, waliochoka. Mwandishi anawaambia wasiachane, maana kila mmoja akienda zake wote watazimika. Mahali pa kukutania hapataji. Anataja kinachotendeka watu wakikutana: kuangaliana, kuhimizana, kuonyana. Mtu anaweza kuhudhuria ibada ya watu 2,000 kwa miaka kumi bila kukosa Jumapili hata moja, na katika muda wote huo asionywe wala kuhimizwa na yeyote anayejua jina lake. Kwa maana ya mstari huu mtu huyo ameacha kukusanyika, ingawa yumo ndani. Watu watatu sebuleni wanaweza kuutimiza vizuri. Wanaweza pia kuukwepa vizuri, wakiwa wanakubaliana kwa kila jambo.

Na nadhani mnajifariji kwa Mathayo 18:20, "walipo wawili watatu". Wengi huuchukua mstari huo kama punguzo la idadi. Uangalie unapokaa. Kuanzia mstari wa 15 Yesu anazungumzia ndugu aliyekukosea: mwendee peke yako, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia, liambie kanisa. Ahadi ya kuwapo katikati ya wawili watatu inakuja mwishoni mwa mazungumzo hayo magumu. Amewaahidi uwepo wake watu wanaojaribu kumrudisha ndugu, kazi ambayo hakuna anayeipenda. Kwa hiyo swali la kujiuliza Alhamisi ni hili: mmoja wetu akianza kukosea, mwenzake ataweza kumwambia? Na akiambiwa, atabaki?

Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alikuwa akiwapa watawa mwongozo. Wakati huo wengi waliwastahi sana wakaa-pweke wa jangwani, waliofuata nyayo za Antonio wa Misri. Basili hakuwadharau, lakini aliuliza: Bwana aliwaosha wanafunzi wake miguu, wewe unayeishi peke yako utamwosha nani? Utakuwaje wa mwisho wa wote ikiwa hakuna mwingine? Kabla yake, kama mwaka 320, Pakomio alikuwa ameonja upweke wa jangwa kisha akaanzisha Tabennisi, karibu na Mto Nile, jumuiya ya watu waliofanya kazi, waliokula na kusali pamoja. Sijapata kipimo kizuri kuliko swali la Basili. Ukinitaka niseme kama mkutano wenu ni kanisa, nami nitakuuliza miguu ya nani inaoshwa hapo. Na iwe zaidi ya miguu ya marafiki wako wawili, maana rafiki kumwosha rafiki haigharimu sana.

Hapa ndipo penye uzito wa jibu langu. Katika miaka yangu minne ya nje sikukosa mahubiri. Mahubiri mazuri yako tele kwenye simu. Nilichokosa ni watu ambao sikuwachagua. Kule ndani, pamoja na uovu wote nilioshiriki, nilikuwa nakaa benchi moja na mzee aliyeniudhi kila wiki, na mama asiyejua kusoma aliyesali kuliko mimi mwalimu, na kijana ambaye siasa zake sikuzivumilia. Sikumchagua hata mmoja. Tuliwekwa pamoja na jina lililokuwa kubwa kuliko mapenzi yetu. Nilipotoka, nilikusanya watu wanne waliofikiri kama mimi, walioumizwa kama mimi, wenye umri kama wangu. Ilikuwa raha. Baada ya mwaka nikagundua kwamba sijalazimika kumsamehe mtu yeyote. Barua za Paulo zimejaa ugomvi kwa sababu aliwaweka chumba kimoja Myahudi na Myunani, mtumwa na bwana wake. Kule Korintho waliingia nyumba moja kula Chakula cha Bwana, matajiri wakatangulia kula wakalewa na maskini wakabaki na njaa. Paulo hakuwashauri maskini waanzishe kikundi chao. Aliwaambia wote: "mngojane".

Jambo jingine ambalo taasisi ilikuwa inakubebea pasipo wewe kuliona ni kumbukumbu. Kulikuwa na mtu anayejua jirani gani kalazwa, nani kafiwa, mtoto wa nani kaanza kupotea. Kulikuwa na mtu wa kukuzika. Kulikuwa na masomo ambayo hukuyachagua wewe, yakakukuta siku usiyoyataka. Mkibaki watatu, kazi hizi hazijatoweka, zimekosa mwenyewe.

Waliotoka kabla yetu walijifunza hayo kwa gharama. Marafiki, ambao wengi huwaita Quaker, walianza Uingereza katikati ya karne ya 17 wakiwa na George Fox. Walikataa wachungaji wa mshahara, wakaketi kimya wakimngojea Roho amwinue yeyote, mwanamume au mwanamke. Mwaka 1656 mmoja wa viongozi wao waliopendwa sana, James Nayler, aliingia mji wa Bristol juu ya farasi huku wafuasi wakimwimbia kama Yesu alivyoimbiwa akiingia Yerusalemu. Bunge likamwadhibu kikatili: alichapwa, akapigwa chapa ya moto, ulimi ukatobolewa. Wenzake walibaki na swali ambalo walikuwa hawajajipangia: mtu akisema Roho amenituma, nani apime? Katika muongo uliofuata Fox akaweka mikutano ya kila mwezi ya kuamua mambo kwa pamoja, kutunza wahitaji na kuonyana. Watu walioikimbia taasisi walilazimika kuunda utaratibu, na ninaamini utaratibu huo ni sehemu ya sababu ya wao kuwapo hadi leo.

Wale wanaoitwa Ndugu (kwa Kiingereza Brethren), walioanza kukutana Dublin, Ireland, mwishoni mwa miaka ya 1820, walichoshwa na mipaka ya madhehebu; walitaka tu kumega mkate pamoja kama Wakristo, bila kasisi. Shauku nzuri kabisa. Mwaka 1848 walikwisha kugawanyika vipande viwili, wa wazi na wa kujitenga, na wale wa kujitenga wakaendelea kugawanyika. Huko Japani, Uchimura Kanzo alianza mwaka 1901 kuutangaza Ukristo aliouita usio na kanisa: kikundi, Biblia na mwalimu, basi. Ulizaa waumini wenye msimamo mkubwa, lakini uliegemea mno mwalimu. Nawaheshimu wote hawa.

Wapo pia waliokutana nje bila kuondoka ndani. Mwaka 1670 Philipp Jakob Spener, mchungaji wa Kilutheri huko Frankfurt, alianza kukusanya watu nyumbani kwake kusoma na kuulizana. Walokole waliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 waliungama mbele ya wenzao kila juma, wakawakemea hata wachungaji wao, na wengi wao hawakuyahama makanisa. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa kwako hasa, maana unaanza na deni. Februari 1742, Wamethodisti wa Bristol walikuwa wanadaiwa kwa ajili ya jengo lao. Ikaamuliwa kila mshiriki atoe peni moja kwa wiki, na waumini wagawanywe kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na mtu wa kuwapitia nyumbani kukusanya. Wakusanyaji walipoingia majumbani waliona mambo ambayo hayaonekani kwenye ibada: mmoja amelewa, mwingine anagombana na mkewe. John Wesley, kiongozi wao, alipoletewa habari hizo akatambua kwamba amepata kitu alichokuwa akikitafuta siku nyingi. Mpango wa peni ukageuka kuwa mpango wa kutunzana roho. Fedha zilizofuatiliwa vizuri ziliwafikisha watu kwa watu. Wewe ulikuwa mhazini; unaelewa kwamba anayeona hesabu huona pia maisha.

Kwa hiyo nikushauri nini? Msiwe watatu kwa muda mrefu. Tafuteni wa nne na wa tano ambao hamfanani nao: mzee zaidi yenu, maskini zaidi yenu, mtu asiyejua lolote kuhusu kanisa lenu la zamani. Huyu wa mwisho atawasaidia kuliko mnavyodhani, kwa sababu mbele yake mtaona aibu kutumia saa nzima kusimulia mabaya ya mchungaji. Kikundi kilichozaliwa na jeraha hupenda kuishi kwa kulikuna. Tengeni muda wa kulisema, hata mlie, halafu mfungue Luka. Mkimaliza Luka msirukie vitabu mnavyovipenda. Someni Yakobo, someni Amosi, acheni maandiko yawachagulie mada.

Muwe na mtu wa nje ya kikundi mwenye haki ya kuuliza. Mchungaji mstaafu, sista, mzee wa kanisa jingine, yeyote mnayemwamini na ambaye hatanufaika na kujibu kwenu. Kila baada ya miezi mitatu aje, aketi, aulize mnaishije. Kikundi kisicho na mtu wa kukiambia hapana hakijajitenga na Diotrefe, kinamlea mwingine. Mkianza kuchangishana, hata kama ni kidogo, watunze watu wawili, na daftari lisomwe mbele ya wote. Wakija watoto, asibaki mtu mzima mmoja nao peke yake. Najua hili linaonekana ukali kati ya marafiki. Katika nyumba za ibada yamefichuliwa maovu mengi yaliyotendeka gizani, na sebule ina giza zaidi kwa sababu hakuna anayepita.

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, aliishi kwa pamoja na wanafunzi wa uchungaji huko Finkenwalde, wakati huo nchini Ujerumani na leo nchini Poland, kuanzia 1935 hadi Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walipopafunga mwaka 1937. Alitoka na onyo kwamba mtu anayeipenda ndoto yake ya jumuiya kuliko jumuiya yenyewe huishia kuiharibu, hata nia yake ikiwa njema. Siku mmoja wa marafiki zako atakapokuangusha, na atakuangusha, usikimbilie kuhama tena.

Kuhusu kumega mkate, Wakristo hawakubaliani, na sitajifanya ninaweza kumaliza mjadala huo kwako. Agano Jipya halisemi popote nani lazima aongoze meza. Ignasio alikwisha kusema kwamba ekaristi iliyo halali ni ile iliyo chini ya askofu au aliyemruhusu, na Wakatoliki na Waorthodoksi wanashika hilo hadi leo. Waanglikana na Walutheri kwa kawaida huhitaji aliyewekewa mikono. Ndugu niliowataja, na wengine wengi, huumega wenyewe. Ninachokuomba ni kutofanya jambo ambalo dhamiri yako bado inalipinga, wala kumvuta mwenzako alifanye. Ikiwa mmoja wenu ametoka katika mapokeo yanayohitaji kasisi, kuleni pamoja, shukuruni, ombeni juu ya mkate, na muuite mlo wa upendo kama Wakristo wa kale walivyofanya. Hamtakuwa mmepungukiwa na Kristo. Na ikiwa wote mna uhuru wa kuumega, ufanyeni kwa mtindo wa 1 Wakorintho 11: jipimeni, ngojaneni, na asiwepo anayeondoka na njaa au na kinyongo.

Mama. Usimshinde kwa hoja; hata zangu usimsomee zote. Anacholilia ni kwamba hajui nani atakushika ukianguka, na hilo ni swali zuri. Mwalike Alhamisi moja. Mwache asali yeye. Na siku akikuomba umsindikize ibadani kwake, nenda. Kuimba naye hakutalifuta lolote ulilosema mbele ya baraza. Sikushauri pia uape kwamba hutarudi kanisani kamwe, pale au kwingine. Mimi nilirudi, kwenye usharika mdogo ambako hesabu zinabandikwa ukutani, na kikundi changu cha watu wanne hakikufa. Sasa tuko tisa, na wanaokwenda ibadani na wasiokwenda wanaketi pamoja. Kwako inaweza kuwa hivyo au vingine. Usirudi mahali ambapo sharti la kupokelewa ni kukiri kwamba kuuliza kulikuwa dhambi.

Na vitabu vya stakabadhi. Usivichome, usivitupe, wala usiendelee kukaa navyo kama silaha, kwa sababu ni mali ya washiriki waliotoa sadaka zao. Piga picha kila ukurasa ubaki na nakala. Andika barua fupi kwa baraza, yenye tarehe, isiyo na lawama hata moja, ukiorodhesha kitabu kwa kitabu pamoja na namba ya kwanza na ya mwisho ya stakabadhi. Weka sentensi moja tu juu ya yale yaliyobaki bila maelezo: kiasi, tarehe, na kwamba uliuliza. Ikiwa kanisa lenu liko chini ya dayosisi au makao makuu, nakala iende huko. Usivipeleke peke yako wala usimwachie mchungaji ofisini. Nenda na mashahidi wawili, mmoja awe mshiriki ambaye bado anasali pale, na msiondoke kabla hati ya makabidhiano haijatiwa sahihi na pande zote mbili.